Aliniuliza walijifunzia wapi, nikamjibu Uislamu ni amani

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kilifi, umri wangu miaka 41, nina mke na watoto watatu. Nafundisha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Jambo hili nimekaa nalo muhula mzima, na mke wangu ndiye aliyenihimiza niandike.

Nina mwalimu mwenzangu wa Kemia, nitamwita Mwalimu R. Ni Mkristo, kwao bara. Tumekaa meza moja katika chumba cha walimu miaka sita. Usiku mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa tatu, gari lililotufikisha hospitali lilikuwa lake. Ramadhani akiniona nimechoka, husimamia masomo ya jioni kwa zamu yangu bila kuombwa. Tangu mwanzo nilijua kwamba mdogo wake wa kike alikuwa miongoni mwa watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015. Aliniambia mara moja tu, nikasema pole, hatukulirudia tena.

Mwaka huu wa 2025 Idd ilituangukia mwisho wa Machi. Jumatano yake nikaingia shuleni na sinia: halwa, vileja, kashata, na birika la kahawa. Walimu wakala, wakacheka. Sikukumbuka siku ile ilikuwa tarehe gani. Mwalimu R. hakugusa kitu. Kisha kijana mmoja, mgeni pale kwetu, akaanza kusoma kwa sauti habari aliyoiona kwenye simu, kwamba leo Garissa imetimiza miaka kumi. Hakujua. Ndipo R. akanigeukia. Hakuwa na hasira, Shangazi, na hilo ndilo linaloniuma. Akasema: "Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha dini. Wenzake waliookoka walituambia kwamba waliulizwa dini kwanza, ndipo wakapigwa risasi. Hebu niambie, wale vijana walijifunzia wapi?"

Nilijibu hata hajamaliza. "Wale si Waislamu. Uislamu maana yake ni amani."

Akanitazama kidogo. "Basi walikuwa wanasali dini gani?" Akakusanya madaftari yake, akatoka. Siku hizi anakaa meza ya dirishani. Tunasalimiana, basi.

La pili ni aibu yangu mwenyewe. Wiki chache baadaye mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mtoto mwerevu na mtulivu, alisimama darasani akasema: "Ustadhi, sura ya tisa aya ya tano inasema waueni washirikina popote mtakapowakuta. Na wewe unatuambia dini ni ya amani. Nishike lipi?" Nikamwambia akae chini, hiyo haimo katika mtihani. Akakaa. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena swali lolote.

Nikirudi nyumbani nachemka. Kwa nini mimi? Sijamuua mtu. Nikivaa kanzu nasimamishwa njiani. Binamu yangu alichukuliwa usiku mwaka 2014 na watu wasiojitambulisha, akarudi siku ya nne, na hadi leo hasemi alikuwa wapi. Kila bomu likilipuka, mimi ndiye natakiwa nieleze. Nimwambie nini Mwalimu R.? Nimwambie nini yule kijana? Au ninyamaze, yapite?

Mwalimu, Kilifi

* * *

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta kitu kimoja, jina la yule binti. Sikulipata. Pengine umelisitiri kwa heshima, na umefanya vyema, safu hii inasomwa na watu wengi. Lakini ukiwa peke yako jiulize: unalijua? Unajua alikuwa akisomea nini? Unajua ni nani wa kwao aliyekwenda kupanga foleni Chiromo, Nairobi, kutambua maiti? Nakuuliza kwa sababu umeniandikia kwamba R. amekuuliza swali la dini, na mimi sioni kwamba alikuuliza swali la dini. Siku ile alikuwa amekaa msibani peke yake, chumba kizima kinakula halwa, na mtu pekee ambaye angeweza kuukumbuka msiba huo ndiye aliyeleta sinia. Hukukusudia. Najua. Yeye pia anajua, ndiyo maana hakukasirika. Alikusogelea, nawe ukamfungia mlango.

Sasa nije kwenye lile neno lenyewe, "wale si Waislamu". Nalijua vizuri, nimewahi kulisema mimi. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati mmoja, watu 224 wakafa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia, Waislamu wakiwamo. Kesho yake nilikuwa Marikiti nikinunua nazi. Muuza mboga wangu, mama wa Kikamba niliyezoeana naye miaka, akaniuliza kama ulivyoulizwa wewe. Nikampa jibu hilohilo, nikalipa, nikaondoka. Nilidhani nimeitetea dini yangu. Kumbe nilikuwa nimejitetea mwenyewe, na yeye nimemwacha palepale na swali lake mkononi.

R. aliuliza walijifunzia wapi. Wewe ukamwambia wao si nani. Hilo si jibu, Mwalimu. Na wala Uislamu maana yake si amani. Wewe unafundisha haya, unajua kwamba ni kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba salama na amani zimetoka katika mzizi huohuo. Ukifupisha mpaka ikawa kama tangazo la ukutani, msikilizaji mwenye akili anasikia kwamba unamficha kitu.

Kuna jambo zito zaidi. Kumtoa mtu katika Uislamu kwa ulimi ndiko tunakokuita takfiri, na takfiri ndiyo silaha yao hao hao. Al-Shabaab, kundi la Somalia lililoshambulia Garissa, hawawezi kumuua muuza chai wa Mogadishu mpaka kwanza wamwite murtadi, kwa kuwa analipa kodi kwa serikali au kwa kuwa mwanawe ni askari. Wakishamtoa katika dini, damu yake wanaiona halali. Desemba 2014 Al-Azhar ya Cairo ilishinikizwa iwatangaze Daesh, wale wanaojiita Dola ya Kiislamu, kuwa makafiri. Ikakataa, huku ikiyalaani matendo yao. Watu wengi walighadhibika, wakasema masheikh wanaogopa. Mimi naona walisimama pahali pake: muuaji unaweza kumwita muuaji, na ukampinga, na ukamhukumu, bila kudai kwamba hakuzaliwa nyumbani mwako.

Hili halikuanza jana. Unaifundisha habari ya Makhawariji; ifundishe sasa kama habari inayokuhusu. Baada ya vita vya Siffin, mwaka 657, kundi lilijitenga na Sayyidna Ali, khalifa wa nne, radhi za Mungu ziwe juu yake, wakipiga kelele kwamba hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Akasema: ni neno la haki linalokusudiwa batili. Wale hawakuwa walevi wala wahuni, walikuwa wasomaji wa Qur'ani, vipaji vya nyuso vina sugu za kusujudu. Walimuua Abdallah mwana wa Khabbab, mtoto wa sahaba, pamoja na mwanamke wake mjamzito, kwa sababu hakumkana Ali. Ali akapigana nao. Lakini imepokewa kwamba alipoulizwa kama ni makafiri, alisema ukafiri ndio walioukimbia. Wanafiki je? Akasema wanafiki humtaja Mungu kidogo tu. Basi ni nani? Akasema ni ndugu zetu waliotuasi. Huyo ndiye mtu ambaye mmoja wao, Ibn Muljam, alikuja kumpiga upanga wenye sumu katika mji wa Kufa, Iraq, mwezi wa Ramadhani, wakati wa Sala ya Alfajiri. Alikuwa na sababu zote za kusema "hawa si wetu", na hakusema.

(Nikitaja Makhawariji, tafadhali mtu asinitajie Maibadhi wa Unguja na Oman, Waislamu wa madhehebu ambayo wengine huyahesabu kuwa tawi lao. Wao wenyewe wanalikataa jina hilo, na miaka yote tuliyoishi nao pwani hii inawashuhudia.)

Kwa hiyo unachopaswa kumwambia R. ni kigumu zaidi kuliko ulichosema, lakini ni kweli: walisoma kitabu ninachokisoma mimi, walitumia maneno ninayoyatumia mimi, na walichofanya ni dhambi kubwa kwa kipimo cha kitabu hichohicho. Ukisema nusu ya kwanza peke yake, umewapa wauaji dini nzima. Ukisema nusu ya pili peke yake, umemfanya R. mtu asiyeona alichokiona. Ziseme pamoja.

Na "walijifunzia wapi" lina jibu, ingawa si moja. Watu hupenda kusema ni umaskini na kukosa elimu. Mmoja wa wale waliovamia Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na babake alikuwa amekwisha kuripoti kwamba kijana ametoweka. Kwa hiyo shule alikwenda, na mzazi hakunyamaza. Al-Shabaab ilianza kama kikosi cha vijana ndani ya Muungano wa Mahakama za Kiislamu, Somalia. Jeshi la Ethiopia lilipoingia Desemba 2006, vijana hao wakajivika vazi la watetezi wa nchi na dini, wakafurika. Oktoba 2011 jeshi la Kenya likaingia, na Februari 2012 kundi likajiunga rasmi na Al-Qaeda. Hapo una ardhi, una jeshi la kigeni, una hasira za vijana wa huku kwetu ambao ndugu zao wamechukuliwa usiku kama binamu yako. Lakini hasira peke yake haimfikishi mtu kumuuliza msichana dini yake na kumpiga risasi kitandani kwake. Hapo katikati panahitajika mtu wa kumwambia kwamba ni ibada. Huyo ndiye anayetuhusu sisi watu wa dini, na tukisema dini haimo kabisa, tunamwacha afanye kazi yake bila mpinzani.

Kazi hiyo ina historia. Waliomuua Rais Sadat wa Misri mwaka 1981 walikuwa na kijitabu cha Abd al-Salam Faraj, mhandisi wa umeme, hakuwa mwanachuoni, kilichodai kwamba jihadi ni faradhi iliyosahauliwa na kwamba mtawala ndiye wa kupigwa kwanza. Hoja yake kubwa aliitoa kwa Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa zamani, katika fatwa kuhusu mji wa Mardin uliokuwa chini ya Wamongolia. Katika chapa iliyosambaa karne ya ishirini, fatwa inasema aliyetoka nje ya sheria ya Kiislamu pale "yuqatal", yaani apigwe vita, kadiri anavyostahili. Mwaka 2010 wanazuoni walikutana Mardin yenyewe, Uturuki, wakaonyesha kwamba nakala ya zamani ya mkono inasema "yu'amal", yaani atendewe, kadiri anavyostahili. Ziandike ubaoni kwa Kiarabu uone zinavyotofautiana: herufi mbili. Sisemi herufi mbili ndizo zilizoleta ugaidi. Wanaotaka kuua wangetafuta pengine. Nasema mwanafunzi wako anastahili kujua kwamba mtu anaweza kufa na kuua kwa ajili ya kosa la mchapaji ambalo hakuna aliyemfundisha kulikagua.

Na sasa huyo mwanafunzi. Mwalimu, huyu ananitia hofu kuliko R. R. ni mtu mzima, ana kanisa lake, ana watu wake. Mtoto wa miaka 17 akikuuliza jambo linalomkosesha usingizi ukamwambia halimo katika mtihani, swali halilali. Analichukua anakwenda nalo kwenye simu. Huko kuna mtu ambaye hatamwambia akae chini. Atamwambia: swali zuri sana ndugu yangu, waliokuficha ni waoga. Hapo nusu ya safari imekwisha kwenda, na ni wewe uliyemlipia nauli.

Mwite. Si mbele ya darasa kwanza, mwite peke yake, umwambie: "Siku ile nilikosea, sikuwa na jibu nikakunyamazisha." Mtoto akiona mwalimu wake anakiri, atakuamini kuliko angekukuta na majibu yote. Kisha fungueni msahafu, na msianze aya ya tano. Anzeni ya kwanza ya Sura Tawba, msomeni hadi ya kumi na tatu bila kuruka. Ataona ya nne inawatoa waliotimiza mkataba. Ya sita, mara tu baada ya hiyo inayomtisha, inasema mmoja wa washirikina akikuomba hifadhi umpe, asikie neno la Mwenyezi Mungu, kisha umfikishe mahali pake pa amani. Umsindikize, Mwalimu! Ya kumi na tatu inataja watu waliovunja viapo vyao na ndio walioanza. Ni sura ya vita, ndiyo, ya mwaka wa tisa wa Hijra, na kabila zinazojulikana kwa majina. Anayeisoma ya tano na kufunga kitabu kabla ya ya sita anajua anachokificha.

Lakini usimdanganye upande wa pili. Mwambie wako wafasiri wa zamani waliosema aya hiyo, waliyoiita aya ya upanga, imezifuta aya nyingi za subira, na wako waliowapinga. Mwambie mafakihi wa zama za dola kubwa waliandika sura nzima juu ya vita, kwa kuwa waliishi katika vita. Atakutana nayo siku moja. Heri akutane nayo nawe ukiwa pembeni. Kisha mwonyeshe mpaka ambao hata wao hawakuuvuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta mwanamke ameuawa katika moja ya vita, akakataza kuua wanawake na watoto. Hadithi iko katika Bukhari na Muslim. Imamu Nawawi, ambaye kila mtoto wa chuo hapa pwani amezihifadhi Arubaini zake, amenukuu ijmai, yaani makubaliano, ya wanazuoni kwamba haijuzu kuwaua wanawake na watoto wasiopigana. Huyo ni wa madhehebu yetu ya Shafi, wa karne ya kumi na tatu, hakuna wa kusema amefundishwa na Marekani. Wasichana wa mabweni ya Garissa waliokuwa usingizini walikuwa wanapigana na nani?

Na acha kukata aya kwa ajili ya amani pia. Ile ya Sura Maida, anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote, tunaipenda, tunaibandika ukutani. Isome yote, aya ya 32. Imeanza kwa kusema kwamba hayo waliandikiwa Wana wa Israili, na ndani yake kuna "isipokuwa" ya mauaji na ufisadi katika ardhi, na katika "isipokuwa" hiyo ndimo wahubiri wa vita wanapoingilia, wanasema serikali ni ufisadi, chuo kikuu ni ufisadi. Kijana aliyefundishwa nusu ya aya hawezi kumjibu aliyekuja na nusu ya pili. Anaona wewe ndiye uliyemficha.

Mpe pia hadithi ya yule mtu aliyemwendea Mtume kuomba ruhusa ya kwenda jihadini. Aliulizwa: wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa: basi kwa hao fanya jihadi yako. Mpe bila maelezo. Mtoto anayo mama nyumbani, atamaliza mwenyewe.

Msikilize zaidi ya unavyosema. Ibn Abbas alipokwenda kambini kwa Makhawariji aliwauliza kwanza mnadai nini, wakataja, akawajibu moja moja kwa Qur'ani, na maelfu wakarudi naye. Ukiona kijana ana swali, ni swali tu. Usimpeleke popote, usimtaje kwa mtu, usimtie alama ambayo hataweza kuifuta katika nchi hii. Ila akianza kujitenga na wenziwe, akitaja safari, au ukigundua kuna mtu mzima anamtumia pesa na maelekezo, siku hiyo hiyo kaa na wazazi wake na imamu mnayemwamini, na mtafute wakili au watu wa haki za binadamu kabla hamjabisha hodi kwa polisi. Babake yule wa Mandera aliripoti. Tusichoke kuripoti, lakini tusiripoti maswali.

Umesema unachemka, na mimi siwezi kukuambia usichemke. Kusimamishwa kwa kanzu ni dhuluma. Kuchukuliwa kwa binamu yako ni dhuluma. Tena wanaouliza mbona masheikh hawasemi, waambie kwamba Mombasa tulikuwa na Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyewakemea vijana waliotaka kuufanya msikiti uwanja wa vita. Vijana hao walimtoa katika msikiti wake, na Juni 2014 alipigwa risasi na watu wasiojulikana, Likoni, akielekea kusali alfajiri. Alisema, na alilipa. Na waliokufa zaidi kwa mikono ya Al-Shabaab ni Waislamu wa Somalia. Lile lori la Mogadishu la tarehe 14 Oktoba 2017 liliua karibu watu 600 katika njia panda moja. Haya yote ni kweli, na una haki ya kuyasema barazani, bungeni, popote.

Usimwambie R. Si siku hiyo. Mfiwa hapewi hesabu ya misiba mingine. Wala usimletee habari za Joseph Kony aliyechinja watu kaskazini mwa Uganda akidai Amri Kumi. Anazijua, na hakukuuliza dini ipi ina wauaji wengi. Kila utakachokileta kupunguza uzito wa mdogo wake kitamwonyesha kwamba bado unajitetea.

Unasema kwa nini uombe radhi kwa jambo ambalo hukulifanya. Usiombe. Hakukuomba hivyo. Kuna tofauti kati ya radhi na pole, na wewe unamdai mwenzio kitu ambacho hakukutaka ili uone sababu ya kukasirika. Radhi yako ni moja tu, ya lile sinia na lile jibu la haraka.

Usilifanye chumbani mwa walimu. Nenda kwake na mkeo, Jumamosi jioni, kama tunavyokwenda kuhani. Mke wako apike kitu, mahamri yanatosha. Msahafu uache nyumbani. Ukikaa, useme kwa maneno yako, lakini mimi ningesema hivi: "Mwalimu, siku ile nilileta halwa na nilikuwa nimeisahau tarehe. Uliniuliza, nami nikajisitiri. Wale vijana walijifunza kwa watu wanaosoma kitabu changu na kukikata, na kazi ya kuwazuia ni yangu mimi ninayekifundisha, sijaifanya ipasavyo. Nimekuja unisimulie habari za mdogo wako." Kisha unyamaze. Akisimulia saa nzima, kaa saa nzima. Akilia, mkeo yuko. Akisema hataki, mshukuru, acheni mahamri, rudini nyumbani, na Jumatatu umsalimie kama kawaida. Pengine meza ya dirishani ataipenda akae hapo. Haki yake.

Siku moja akikuuliza tena, akitaka kusikia, msimulie habari ya basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, miezi minane baada ya Garissa, Al-Shabaab walilisimamisha basi karibu na El Wak wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake wakawavisha wenzao Wakristo mitandio, wakawaambia wale: tuueni wote au mtuache. Aliyepigwa risasi katika kukataa huko alikuwa Salah Farah, Mwislamu, naibu mwalimu mkuu, mwenzenu wa chaki. Alikufa hospitalini Nairobi Januari 2016. Msomee na yule kijana habari hiyo, siku mtakapomaliza aya ya kumi na tatu.

Muhula haujaisha. Nenda Jumamosi hii.

Shangazi